Kuongea na mtoto anayeanza kusema: hatua kwa hatua kwa mzazi asiye na muda

Saa kumi na moja jioni, geti la kituo chetu cha kulelea watoto hapa Nkuhungu, Dodoma, likifunguliwa, swali ni lile lile. "Mwalimu, huyu mbona haongei?" Anayeuliza ana haraka, bajaji inamngoja nje, mtoto anaburuta kandambili moja na nyingine kaishika mkononi. Namjibu nusunusu, tunaagana, kesho yake anauliza mwingine. Nimeona bora niandike jibu zima mara moja, atakayeuliza tena nimtumie.

Mwongozo huu ni wa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Nadharia nitakupa kidogo tu. Mtoto hawezi kujifunza kusema kwa kumwagiwa maneno juu ya kichwa, maana redio inayamwaga kutwa na hakuna mtoto aliyefundishwa na redio. Anajifunza pale anapotoa kitu, iwe sauti, kidole au jicho tu, mtu akamjibu, naye akatoa tena. Zamu yako, zamu yake. Ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inaita jambo hili "malezi yenye mwitikio". Ukilishika neno "mwitikio", mengine yote humu ni mazoezi.

Kabla hujaanza

Hakuna cha kununua. Andaa haya:

- Kazi tatu unazozifanya kila siku mtoto akiwepo. Kumwogesha, kumlisha, kufua, kuchambua mboga, kwenda dukani. Chagua tatu tu.
- Dakika kumi ndani ya kila kazi. Hizo dakika zipo tayari, kwani hata sasa unamwogesha. Tofauti ni kwamba sasa mtakuwa mnaongea.
- Lugha unayoiota usiku. Kama ni Kigogo, Kigogo. Kama ni Kirangi au Kinyaturu, hiyo hiyo. Kama ni Kiswahili, sawa. Mtoto anahitaji lugha ambayo wewe huitafutii maneno.
- Daftari dogo la shule na kalamu. Utaandika tarehe na neno jipya alilosema, hata kama amelisema vibaya.
- Kadi ya kliniki, iwe mahali unapopajua.

Halafu fanya jaribio moja la masikio. Subiri nyumba itulie, kaa nyuma ya mtoto asikuone, umwite kwa sauti ya chini. Rudia siku nyingine ukiwa upande wa pili. Kama hageuki mara kwa mara, au kama sikio limewahi kutoa usaha, usianze na hatua hizi. Anza na kituo cha afya. Usaha wa sikio hupunguza usikivu, na nimeona wazazi wakimgombeza mtoto "mkaidi" kumbe hasikii. Jaribio hili halichukui nafasi ya kipimo cha hospitali. Akigeuka na wewe bado una wasiwasi, nenda tu.

Hatua zenyewe

1. Zima kinachopiga kelele.
Televisheni inayowaka bila mtu wa kuitazama ndiyo adui wa kwanza. Mtu mzima akiwa na televisheni pembeni anaongea kidogo na mtoto bila kujijua. Kwa zile dakika kumi, zima. Simu iweke juu ya kabati, kioo kikitazama chini.

2. Shuka chini.
Kaa kwenye kigoda au mkeka, uso wako na wake vilingane. Anatakiwa auone mdomo wako unavyojikunja kwenye "m" na "b". Ukiwa umesimama, anachokiona ni magoti.

3. Fuata jicho lake.
Tazama anatazama nini, kisha sema hicho. Umemletea mpira, yeye kamkodolea macho sisimizi. Basi sema sisimizi: "Sisimizi! Anatembea. Anakwenda wapi?" Mpira utasubiri. Neno linaloangukia kwenye kitu anachokitazama linashika. La kitu ambacho hakitazami linapita.

4. Sema unachofanya, kwa vipande vifupi.
Hapa ndipo wengi huniambia, "Mwalimu, sijui niseme nini." Twende kwenye beseni la kuogea, maana kila nyumba lipo:

"Tunavua shati. Mkono huu… umetoka! Mkono wa pili… umetoka! Kopo linachota maji. Tunamwagia mguu. Chwaa! Mguu umelowa chapachapa. Sabuni iko wapi? Ooh, imetumbukia chubwi!"

Angalia kwamba sentensi ni fupi, na jina la kitu linarudi zaidi ya mara moja. Halafu angalia hizo *chwaa*, *chapachapa* na *chubwi*. Hizo tanakali za sauti tulizipata bure kutoka kwa bibi zetu, na kwa mtoto ni dhahabu. Kitu kinaanguka pu. Maji ya uji yanachemka bwatabwata. Nyumba iko kimya ji. Mtoto ambaye bado hawezi "imetumbukia" ataweza "chubwi" wiki kadhaa kabla, na hilo ni neno. Liandike kwenye daftari.

*Tahadhari:* usimwache mtoto na beseni lenye maji hata kwa kwenda kuchukua taulo. Maji ya kina cha kiganja yanatosha kumzamisha. Na zile ndoo tunazozijaza siku za mgao ziwe na mifuniko muda wote.

5. Sasa nyamaza.
Hii ndiyo hatua ngumu kuliko zote, na ndiyo ninayokuomba usiiruke. Ukishasema kipande chako, funga mdomo, mtazame, uhesabu kimoyomoyo moja mpaka kumi. Kumi ni ndefu. Utahisi kama umekaa mwaka mzima. Mtoto wa mwaka na nusu anahitaji muda wa kusikia, kuelewa, kutafuta neno, na kuukusanya mdomo ulitoe. Sisi wakubwa tunamkata akiwa njiani.

Mwanangu wa kwanza nilimnyang'anya zamu zake zote. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, kichwa kimejaa, namkalisha kwenye mkeka: "Hii nini? Na hii? Hii rangi gani?" Kabla hajafungua mdomo nimeshajibu mwenyewe. Alikuwa na mwaka na miezi minane na hasemi zaidi ya "mama". Mama mkwe wangu akaja kutoka Bahi kukaa nasi mwezi mmoja, kaja na mchele wake. Siku moja yuko uani na ungo, anachambua. Mtoto akaokota kijiwe kwenye ungo, akamnyooshea bibi yake. Bibi akakitazama kile kijiwe, akamtazama mtoto, akatulia tuli. Mimi mlangoni mdomo unaniwasha. Nikaanza, "Mwambie bibi hili ni…" Mama akanyoosha mkono bila hata kugeuka: "Mwache amalize."

Mtoto akatazama kijiwe. Akamtazama bibi. Akasema, "We."

"Jiwe!" bibi akasema. "Jiwe, eeh. Tulitupe?" Akalitupa kwenye sufuria tupu, likalia ting. Mtoto akainama kwenye ungo kutafuta lingine. Mchele ule ulichambuliwa saa nzima, na mawe yalipokwisha bibi alikuwa anayarudisha kisirisiri.

Hesabu mpaka kumi. Kama hajasema kitu, siyo kesi, sema tena kipande chako na usubiri tena. Kama ametoa chochote, hata kwa kunyoosha kidole, nenda hatua ya sita.

6. Pokea alichotoa, uongeze kidogo.
Chukua neno lake, lirudishe likiwa zima, ongeza moja au mawili. Basi.

Yeye: "Gali." Wewe: "Gari! Gari limepita."
Yeye: "Kuku kuja." Wewe: "Kuku amekuja. Anataka pumba."
Yeye ananyoosha kidole kwenye kikombe. Wewe: "Maji. Unataka maji."

Usiseme "siyo gali, sema gari". Ameshaleta neno, na ukimrudisha mlangoni kesho hataleta. Sauti ya "r" huchelewa kwa watoto wengi, hadi miaka minne au mitano, na kuna watu wazima hawajaifikia mpaka leo na wana nyumba na magari yao.

Jambo jingine: neno moja la Kiswahili limebeba mzigo. "Nimeanguka" lina mimi, lina wakati, lina tendo. Mtoto kwanza anashika mkia, "anguka", kisha "meanguka", na kichwa cha neno kinakuja mwishoni. Ukimsikia anakula vichwa vya maneno, ujue anajenga. Wewe endelea kumpa neno zima.

7. Tumia zamu ambazo wazee walishazitengeneza.
Kiswahili kimejaa mazungumzo ya watu wawili yaliyofungwa tayari, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaweza kuingia.

"Shikamoo" na "marahaba" ni ya kwanza. Mtoto akisema "kamoo", itikia "marahaba" kwa furaha yote, kila mara, hata kama amekusalimia mara kumi na mbili asubuhi hiyo. Anachofundishwa hapo, mbali na heshima, ni kwamba nikitoa neno langu, linarudi jingine. Akikutana na shangazi usimsukume: "Msalimie! Mbona humsalimii? Ana aibu huyu." Salimia wewe kwanza, hesabu kumi, akigoma endelea na safari yako.

Ya pili ni "hodi" na "karibu". Jifunike kanga, useme "Hodi!" Asubiriwe. Siku ya tatu au ya nne utasikia "kaibu" na kanga ikivutwa.

Ya tatu ni "Paukwa!" na "Pakawa!" kuanzia miaka miwili hivi. Hadithi iwe ya sentensi tatu: palikuwa na mbuzi, mbuzi akaingia jikoni, akala unga wote. Kesho simulia ile ile. Usiogope kumchosha, unayechoka ni wewe. Siku ya tano ishia njiani, "Mbuzi akala…", unyamaze, uone nani anaimalizia.

8. Wakati wa kula, mpe kuchagua.
"Unataka ndizi au chungwa?" Shika kimoja mkono huu, kingine mkono ule, karibu na uso wako. Akinyoosha kidole, mpe neno: "Chungwa! Chungwa hili hapa." Mpe kipande kimoja tu ili kuwe na sababu ya kuomba tena. Lakini usimnyime chakula mpaka aseme. Nimewahi kukuta mtoto analia mbele ya bakuli la uji akiambiwa "sema uji kwanza". Huyo alijifunza kuuchukia uji.

*Tahadhari ya hapa kwetu Dodoma:* zabibu. Msimu ukifika kila mtu ana zabibu mkononi na kila mtu anataka kumpa mtoto. Zabibu nzima inaziba koo la mtoto mdogo sawasawa na kizibo. Ikate vipande vinne kwa urefu, utoe na mbegu. Karanga nzima nazo asipewe mtoto wa chini ya miaka mitano, mpe za kusaga. Na mtoto akiwa na chakula mdomoni, usimchekeshe wala kumtaka aseme.

9. Njiani, taja kinachopita.
Kutoka nyumbani hadi Soko la Majengo kuna maneno ya mwezi mzima: mbuzi, vumbi, bodaboda, mama mwenye beseni la nyanya. Mbebe au mpakate awe anaona mbele, utaje kimoja, unyamaze. Ukirudi nyumbani muulize baba yake asikie: "Tumeona nini? Tumeona mbu…" Mwache amalize.

10. Picha zipo, hata bila vitabu.
Kitabu cha picha ukiwa nacho ni kizuri sana. Huna? Kalenda ya ukutani ya mwaka uliopita, boksi la biskuti, kanga yenye picha ya kuku. Na simu, kwa namna moja tu: fungua picha zako mwenyewe, mpakate, mtazame pamoja. "Huyu nani? … Babu! Babu amevaa kofia." Hapo simu ni albamu, mnaongea wawili. Ukimpa katuni uende kupika, hapo simu inaongea peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, halipendekezi mtoto wa mwaka mmoja kukaa akitazama skrini kabisa, na kwa wa miaka miwili hadi minne linasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua zaidi ndiyo vizuri.

11. Mfundishe anayeshinda naye.
Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi ukarudi saa moja usiku, mzazi wa maneno ni dada wa kazi. Mwongozo huu unamhusu yeye kuliko wewe, na mara nyingi hakuna aliyemwambia. Kaa naye Jumamosi, mwogesheni mtoto pamoja, mwonyeshe hatua ya nne na ya tano kwa vitendo. Mwambie kwa maneno wazi kwamba kuongea na mtoto ni sehemu ya kazi, hataonekana mvivu vyombo vikichelewa dakika kumi. Mama ambaye akirudi anakagua sufuria tu, asishangae kukuta sufuria zinang'aa na mtoto kimya.

Na hili nitalisema bila kuzunguka. Kuna nyumba nyingi hapa mjini binti katoka kijijini, Kigogo ndiyo lugha yake, na sharti la kwanza analopewa ni "usimwongelee mtoto Kigogo, atachanganyikiwa". Binti huyo Kiswahili chake ni cha kuombea chumvi. Ukimkataza Kigogo umemwambia anyamaze, na mtoto wako anashinda kutwa nzima na mtu aliyenyamaza. Mwachie aongee, aimbe, ataje wanyama kwa lugha yake. Wewe jioni utaongea yako.

Bibi, babu, kaka wa darasa la tatu, wote waingie. Na akina baba, tafadhali, kumrusha mtoto juu na kumshika ni vizuri, ila ukimshusha sema kitu: "Juu! … Tena?" Halafu subiri hiyo "tena".

Makosa ninayoyaona kila wiki

Mtihani. "Hii nini? Hii nini?" siku nzima. Kwa kila swali moja, toa sentensi tatu ambazo hazidai jibu.

Kumjibia. Mgeni anauliza "Hujambo mtoto?", mama anaruka "Hajambo!" Mpe zile sekunde zake.

"Sema! Sema! Haya sema!" mbele ya watu, na zawadi ya biskuti juu. Mtoto hugeuza shingo, au hulia.

Kuongea kitoto. Hapa watu hunichanganya, niseme vizuri. Sauti ya kubembeleza, ya kuvuta na kupandisha, ni sawa kabisa, watoto wanaipenda na inawasaidia kusikiliza. "Simama dede" ni sawa, ni Kiswahili chetu. Ubaya ni kumharibia neno makusudi, ukimwambia "kula kichakula cha mamaa" kwa ulimi wa kukunja, kisha ukategemea atoe neno safi kutoka wapi?

Na kosa la wenye haraka ya shule: nyumba nzima kuhamia Kiingereza cha kuombaomba maneno ili mtoto "awahi". Sentensi tano unazozijua haziwezi kumlea mtu. Mpe lugha yako ikiwa imejaa, Kiingereza kitamkuta shuleni ana mahali pa kukiweka.

Ukikwama

*Anaelewa kila kitu, hasemi.* Mtume: "Lete kiatu." Akileta, una nusu ya safari mkononi. Ongeza hatua ya tano na ya nane, na uchunguze kama nyumbani kuna mtu anayemsomea kidole kabla hajahangaika. Mara nyingi ni dada yake mkubwa. Lakini kuelewa kusikufanye ulale, ile orodha ya umri hapa chini bado inamhusu.

*Anachanganya Kigogo na Kiswahili kwenye sentensi moja.* Hilo si tatizo. Watoto wa lugha mbili huchanganya, kisha wanatenganisha wenyewe wakijua nani anaongea nini. Ukihesabu maneno yake kwenye daftari, hesabu ya lugha zote mbili kwa pamoja.

*Anahesabu Kiingereza mpaka kumi lakini hawezi kuomba maji.* Amekariri katuni. Punguza skrini kwa wiki mbili kamili, ujaze nafasi hiyo kwa hatua ya nne. Siku tatu za kwanza atalia, jiandae. Kama baada ya hapo bado anarudia tu maneno ya kwenye katuni, hakutazami, hageuki akiitwa jina, mpeleke akaonwe.

*Ameanza kurudiarudia, "ma-ma-ma-maji".* Kati ya miaka miwili na minne wengi hupita hapo. Usimwambie "tulia, vuta pumzi", usimmalizie neno. Mtazame, msubiri, ongea naye polepole. Kama inazidi miezi sita, au anakaza uso na shingo akihangaika kutoa neno, tafuta mtaalamu.

*Majirani wananicheka, eti naongea na nani.* Ndiyo, watakucheka. Malezi ya wengi wetu yalikuwa mtoto anaambiwa, haongei. Fanya ndani kwenye beseni mpaka uzoee. Mtoto akianza kuwasalimia wao kwa majina, watakuja kukuuliza.

*Nimeambiwa nimkate kimeo, au ulimi umefungwa.* Usikubali mtu wa mtaani aingize wembe mdomoni mwa mtoto. Kukata kimeo hakuleti maneno, kunaleta damu na maambukizi. Kuhusu ulimi uliofungwa, watoto wengi wenye nao huongea kawaida, na daktari ndiye anayeamua kama kuna la kufanya.

*Ni wa kiume, wa kiume huchelewa.* Wasichana huwatangulia kidogo, basi. Hiyo siyo sababu ya kungoja mwaka.

*Nisubiri mpaka lini?* Usisubiri. Fanya hatua hizi na wakati huo huo mpeleke kwenye kituo cha afya ukiona mojawapo ya haya:

- Mwaka mmoja: habwabwaji kabisa, hapungi mkono wala kutumia ishara yoyote.
- Mwaka mmoja na nusu: hajaribu hata maneno matatu nje ya "mama" na "baba", au hanyooshi kidole kukuonyesha kitu.
- Miaka miwili: hajaunga maneno mawili, kama "mama njoo" au "maji isha".
- Miaka miwili na nusu: maneno yake yako mbali sana na hamsini.
- Miaka mitatu: hamwezi kubadilishana maneno hata mara mbili mfululizo, au watu wa nje hawamwelewi sehemu kubwa.
- Umri wowote: alikuwa na maneno na sasa yamepotea. Huyu apelekwe wiki hiyo hiyo.

Anzia kliniki ya watoto unayompelekea kupima uzito, uombe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo ili masikio yapimwe kwanza. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa zote zipo hapa hapa Dodoma. Ukiambiwa tu "ataongea, mwache", uliza kwa upole: "Masikio yake yamepimwa?" Nenda na kadi ya kliniki na lile daftari, maana daktari atakuuliza anasema maneno mangapi, na ukiwa umekalia benchi tangu asubuhi huwezi kuyakumbuka yote, hasa "chubwi".